Sikio la Kushoto

Usimsogelee kwanza.
Ndivyo ninavyomwambia kijana wa mafunzo, Hokororo,
anayetaka kuruka kwenye pikipiki na kipimajoto mkononi.
Simama hapa, nyuma ya ukuta wa choo. Tazama.
Punda akikuona atajikaza
kama askari wa gwaride,
na maumivu atayameza.
Babu zake waliochechemea mbele ya fisi
hawakuacha wajukuu.

Newala, saa tatu asubuhi, ukungu bado umekalia Shimo la Mungu.
Punda anaitwa Bajaji.
Madumu manne ya maji kila safari,
kutoka bondeni hadi huku juu kwenye vumbi jekundu,
safari tatu kwa siku, Ijumaa mbili.
"Mvivu tu," anasema Somoe Nalinga, mwenye punda.
"Jana kalala njiani. Nimemchapa."
Kisha, kwa sauti ya chini: "Kidogo."

Andika, Hokororo.
Masikio: hayako mbele, hayako nyuma,
yameangukia pembeni kama milango iliyolegea bawaba.
La kushoto halijafukuza nzi hata mmoja.
Juu ya jicho, ngozi imejikunja pembetatu.
Kope nusu. Pua imebanwa.

"Lakini anakula, daktari."
Mtazame koo, mama. Anatafuna, hamezi.
Majani yale yale yamo mdomoni tangu tulipofika;
ni mgeni aliyeshika kikombe
cha chai asiyoitaka.

Sasa twende. Ubavuni, si usoni.
Mkono begani, uteremke na mguu.
Hapa, nyuma ya kifundo, pana mshipa
ambao kwa punda mzima utautafuta mpaka uchoke.
Leo unanigonga kidoleni
kama mtu aliyeleta habari ya msiba.
Ukwato una moto.
Koleo: nabana pembeni, kimya.
Nabana kati, kimya.
Nabana karibu na ncha, na Bajaji
hakurusha teke. Alifumba jicho.

Shukrani ya punda, wanasema, ni mateke.
Miaka kumi na tisa nimepigwa mawili,
na yote mawili nilikuwa nimeyaomba.
Aliyenifundisha alikata kwanza, akatuliza baadaye,
au hakutuliza. "Mnyama hasemi," aliniambia,
nami nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari.

Sindano, mshipa wa shingo, taratibu.
Kisha tunangoja. Kisu kikae mfukoni.
Hokororo anatazama saa, mimi natazama sikio.

Lilipogeuka kumfuata kuku aliyepita,
nikauinua mguu.
Doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi.
Nikalifuata kwa ncha ya kisu mpaka usaha ukachuruzika,
mweusi kama oili chafu, na harufu yake
ikamrudisha Hokororo hatua mbili.
Maji ya uvuguvugu na chumvi, katika dumu lililokatwa.
Nepi ya mtoto, kipande cha gunia la korosho, utepe.
Poda hii ni chungu, mama: ifiche ndani ya bibo lililoiva,
asubuhi na jioni, siku tano.
Na wiki mbili asibebe kitu.

"Wiki mbili!"
Akacheka, na kicheko hakikufika machoni.
"Punda afe, mzigo ufike. Hukusikia hiyo chuoni?
Watoto wangu wanywe umande?"

Sikuwa na jibu.
Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.
Nyuma yangu nikasikia Bajaji akimeza,
mara moja, mara ya pili,
na majani mapya yakikatwa.

Tulipokwisha kuosha mikono
Somoe alikuwa ameshaifunga ngata,
dumu kichwani, dumu mkononi, yote matupu,
anaingia kwenye njia ya bondeni.
Usimwite, nikamwambia Hokororo. Tazama tu.
Uzito ameuweka mguu upi?

Akafungua daftari.
Akalifunga.