Upande wa Kulia

Sajan wa ofisi ya safari, Ruwi,
ametandaza ramani tatu juu ya kioo cha meza
kama muuza duka anayeonesha vitambaa vya harusi.
Ya kwanza Maldivi: visiwa vidogo vidogo,
utadhani mtu kapiga chafya mbele ya sinia la unga.
Ya pili Shelisheli mpaka Unguja, nanga saa nane tu.
Ya tatu haigusi Unguja. Mombasa, halafu
usiku kucha baharini, Nosi Be, Morisi, na ndege ya kurudi.

Mdogo wangu Shinuna hasomi ramani, anasoma picha.
Anataka chumba chenye roshani.
Anataka bwawa, na ajue kama lina saa za wanawake,
na nyama imechinjwa vipi, na nani kaichinja.
Mimi nimestaafu uuguzi, nahesabu kila kitu:
chumba cha ndani, kisicho dirisha, riyali mia tatu na tisini;
chenye roshani, mia sita na arobaini.
Tofauti yake ni mashine mpya ya kufulia
na inabaki ya halua.
"Dirisha la nini?" nikamwambia. "Maji ni maji.
Ukiyaona ya Seeb umeyaona yote."

Nyumbani Al Khoudh tukaendelea kugombana.
Kiyoyozi kinadondosha matone kwenye ndoo,
Haitham, mwanawe Shinuna, anajaza fomu kwenye simu,
dole gumba moja, jicho moja kwenye mpira.
"Mna maradhi yoyote?" Sukari. Magoti.
"Mnajua kuogelea?" Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.
"Mahali pa kuzaliwa, khaloo?"

Pasipoti yangu inasema Rustaq.
Rustaq niliiona mara ya kwanza nina miaka saba,
nimevaa sweta la kuazima, nalilia doriani.
"Andika kilichoandikwa," nikasema.
Akaandika.

Wote walishaniamulia ya pili.
Shinuna, aliyezaliwa huku huku, ananipigia hesabu ya huruma:
"Saa nane zinatosha, dada. Utakanyaga kidogo."
Unguja, jamani! Nani kamwambia mimi wa Unguja?
Mimi wa Wete. Unguja nilipita tu,
nimelala begani kwa mtu.
Na hizo saa nane nimeshazikata kwa mkasi:
moja ya foleni, moja ya pasipoti,
nyingine mbili nyuma ya kijana mwenye kibendera
aniambie, mama, hii inaitwa karafuu.
Niinuse. Niseme ahaa.

Usiku nikaitoa ile ya tatu mkobani.
Nikavaa miwani mbili, ya kusomea juu ya ya kuonea.
Mstari mwekundu unatoka Mombasa, unateremka kusini,
na kando yake, upande wa machweo,
pana doa la kijani lisilo jina.
Mchoraji hakuona haja; meli haisimami pale.
Nikaliziba kwa ukucha.
Nikautoa ukucha. Bado lipo.

Asubuhi, Shinuna hajaamka, nikampigia Sajan.
"Ya tatu. Ikishatoka Mombasa,
lile doa la kijani litakuwa mkono gani?"
Nikasikia karatasi zikifunuliwa, akaguna.
"Kulia, mama. Lakini mtapita saa saba za usiku,
tena mbali. Giza tupu. Hutaona kitu."
"Najua. Kulia. Na chumba kiwe na roshani."
"Mia sita na arobaini, mama."
"Nimesikia."

Shinuna alipoamka akapata habari ya roshani,
akanibusu utosini, akazunguka jikoni na kanzu yake ya kulalia
kama aliyeshinda kesi mahakamani.
Nikamwachia ushindi wake.
Nikapanda kwenye stuli, nikafungua kabati la juu,
nikaanza kutafuta sweta.