Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Ajenda ya nne: makabidhiano ya uongozi.
Niliandika hivyo, nikaweka nukta,
nikapuliza vidole. Julai, Mbeya,
ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka ya Soweto,
bati lina tundu moja tunalolijua sote.
Wasanifu ishirini na sita ndani ya makoti,
miaka kumi na tisa ya kuchorea watu nyumba,
chama hakina hata banda.
Mganga hajigangi, alisema mtu wa nyuma.
Tulicheka, ila si sana.

Mwenyekiti Anyambilile Mwaisumbe hakutoa hotuba.
Alitoa vitu mkobani, kimoja kimoja:
muhuri uliokaukiwa wino,
daftari la ada (wadaiwa kumi na wanne,
wa tatu kwenye orodha ni mimi),
hati ya kiwanja cha Uyole
ambacho jirani amelima viazi misimu minne
na sisi tumenyamaza, maana viazi angalau vinaota.
Mwisho kabisa akatoa timazi.
Ya shaba, nene kama kitunguu,
uzi wake umebadilishwa, yenyewe haijabadilika.

Lutgarda Mgaya akanyoosha mikono kupokea.
Mzee hakuiachia.
"Kabla hamjanipigia makofi," alisema,
"niulizeni habari ya Kiwira."

Hakuna aliyeuliza. Akajijibu.
Madarasa mawili. Mchoro uliletwa Ijumaa jioni,
alikuwa na safari, akagonga muhuri mezani
pale pale, karibu na kikombe cha chai.
Hakwenda kuona udongo. Hakwenda kuona ukuta.
Ardhi ya huku, tunaijua, hugeuka usingizini;
usiku mmoja iligeuka kidogo tu,
kiasi cha kugonganisha sahani kabatini,
na ukuta wa mashariki ukafunguka
toka msingi hadi lenta.
Ilikuwa likizo. Madawati yalikuwa matupu.
"Likizo ndiyo iliyowaokoa," alisema. "Si mimi."

Akanigeukia. "Hilo usiandike."
Nikainua kalamu.
Mvuke wa chai ya tangawizi ukapanda, ukaisha.
"Hapana," alisema. "Andika."
Nikaandika. Nikakata. Nikaandika tena,
na mwandiko wangu, ambao husifiwa,
ulipinda kama ngazi ya fundi mlevi.

Ndipo akaachia uzi.

Lutgarda alikuwa na Dira ya Miaka Mitano,
kurasa arobaini za kuonyesha ukutani:
jengo la ghorofa tatu, maktaba, vioo vya kutazama Loleza.
Alipofika ukurasa wa pili umeme ukakatika.
Alisimama gizani, kisha akafunga kompyuta yake
polepole, kama mtu anayefunika chungu.
"Viazi vya Uyole vivunwe kwanza," alisema.
"Sisi tuanze Kiwira. Kila mmoja wetu achukue kata,
na darasa lolote lisipandishwe paa
kabla mmoja wetu hajasimama mbele ya ukuta wake
na uzi mkononi. Muhuri utabaki kwangu.
Anayeutaka atakuja na matope kwenye viatu."

Tuntufye akauliza: mafuta ya gari nani atalipa?
Swali zuri. Lilikaa katikati yetu
kama mgeni asiyepewa kiti.

Tulipotoka alitundika timazi
kwenye msumari wa fremu ya mlango.
Sijui kwa nini tulisimama.
Ilipepesuka kushoto, kulia, ikasita,
ikaanza upya, lori lilipita barabarani.
Tuliingoja, vichwa vimeinama,
mwenyekiti wa zamani akiwa nyuma kabisa
na mkoba wake mwepesi.
Ilipotulia tuliona:
fremu imelala upande, upana wa kidole.
Miaka yote tumepita hapo.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini.
Mafuta ya gari: hayakujadiliwa.
Ukurasa wenye Kiwira sijaunyofoa.