Chaki ya Kibla

"Nyinyi mnakaa wapi?"
Askari agonga bodi kwa rungu, saa nne usiku,
Shimanzi, nyuma ya ghala la simiti.
Shekue atoa kichwa dirishani:
"Mimi namba kumi na nne. Mke wangu kumi na tano."

Si mzaha. Basi hili lilikuwa la shule,
manjano yake bado yachungulia chini ya buluu
na namba za viti hatukuzifuta.
Thureya alala ishirini hadi ishirini na mbili.
Badi, mwenye miguu isiyokwisha, amepewa ujia.
Jiko la gesi liko pale alipokuwa akisimama utingo.

Mwaka wa tatu huu.
Shekue atengeneza majokofu: leo Mtwapa, kesho Diani,
keshokutwa bucha la Changamwe, wameshaanza kuziba pua.
Twafuata baridi iliyokufa.
Maji twanunua kwa mtungi, umeme twaomba,
na jua la Makupa latuoka, juu na chini,
kama mkate wa sinia.
Nimevuka Likoni mbaazi zikiwa jikoni;
feri ikayumba, tui likamwagika,
nikapiga magoti kupangusa sakafu yangu katikati ya maji,
watu na baiskeli zao wakinitazama
kama wanaotazama duka.

Nimezoea yote. Kibla tu ndicho kisichotulia.
Nyumba za watu zina ukuta wake, basi, yamekwisha.
Sisi kila tukiegesha Badi huuliza, "Kaskazini wapi?"
(ukiwa Mombasa, babake alimfunza,
ipate kaskazini, umemaliza)
kisha achora mshale sakafuni kwa chaki.
Tumeswali tukielekea usukani.
Tumeswali tukielekea miswaki.
Miritini, wiki nzima, mlango wa nyuma,
na kila mtu alipoinuka kichwa kiligonga kitasa.

Ijumaa akaja mamangu, kutoka Kibokoni,
mtu ambaye hajalala nje ya nyumba yake
ila hospitali, mara mbili.
Akagusa pazia. Akafungua kabati, akafunga.
Akachagua namba sita, dirishani,
buibui mwilini, mkoba mapajani,
kama aliyelipa nauli.
"Mtakaa lini?"
"Tumekaa, mama."
"Mmeketi," akasema.

Usiku huo askari alirudi na mwenzake.
Saa nane tukawasha injini, tukahamia Tudor,
vijiko vikilia kwenye droo njia nzima.
Mama hakuamka, au alijifanya.

Alfajiri nikamkuta amesimama juu ya mshale wa jana.
Adhana mbili zilikuwa zikipishana gizani.
Akatazama mshale, akatazama dirisha,
akageuza shingo polepole, kama atafutaye harufu.
"Huu waongopa."
Na magoti yake yale, akainama.
Akaufuta kwa ncha ya leso,
akatoa chaki kwenye kikombe cha miswaki,
akachora wake:
mnene, mrefu, ukapita chini ya kitanda changu
ukatokea upande wa pili.
Hakuniuliza kitu. Akafunga swala.

Basi haliingii Kibokoni. Tulimshusha Marikiti,
akashika uchochoro wake bila kugeuka,
kwenda kwenye nyumba ya mawe
ambayo kibla chake hakijasogea
tangu kabla babake hajazaliwa.

Jioni, Mazeras. Badi atafuta chaki.
Miswaki minne kikombeni, chaki hamna.
"Bibi ameichukua," asema Thureya,
"nilimwona akiifunga kwenye pembe ya leso."
"Ya nini?"
Shekue azima injini.
Nami naendelea kumenya vitunguu.
Badi achutama ujiani, asubiri kidogo,
kisha achora kwa kidole,
kwenye vumbi.