Viti Bila Majina

Alhamisi usiku, sebuleni kwa shangazi Imali, Mbale,
niliwachambua watu kama maharagwe:
Baba huku, Mama kule, na kati yao
meza nne za majirani wasiojua lolote.
Mke mdogo wa Baba nilimfuta mara tatu.
Karatasi ikatoboka pale penye jina lake.

Nikamwambia Emojong', "Kila mtu akae apendapo."
Akacheka: "Basi wajomba zangu watakaa jikoni."

Jumamosi, viti vya kukodi kutoka Chavakali,
vyeupe, kimoja mguu umefungwa waya,
vilingoja.
Waliotangulia walijibana nyuma, kama ibadani;
mbele akabaki jogoo, peke yake, mgeni rasmi.

Saa tisa mvua ya mawe ikashuka.
Hema likavuja upande wa wakubwa.
Watu wakainuka, kila mmoja na kiti chake kichwani,
wakakimbilia palipo pakavu.

Ilipokatika nikamwona Mama
bega kwa bega na yule wa jina lililotoboka.
Hawakusemezana.
Ila sahani ilikuwa moja,
na Mama alikuwa akimmegea ugali,
kwa kuwa mkono wake
haujawahi kujifunza kula peke yake.

Nami nikaenda kukaa.
Kiti changu, kile chenye utepe,
kilikuwa na mtoto nisiyemjua, amelala fofofo,
paja la kuku lingali mkononi.

Emojong' akapindua kreti ya soda,
akaipangusa kwa tai yake.