Pishi Sita

Kosa langu lina kipimo chake: pishi sita.
Karafuu za Bi Mize Shaame, kavu, tayari kuuzwa,
nilizizoa usiku kwenye jamvi lake hapa Konde
nikazitia katika foronya ya mto wa mamangu.
Foronya ndiyo iliyonishitaki. Ina maua ya uzi mwekundu,
na mji mzima unajua mkono uliyoyadarizi.

Hakimu wa Wete alinitazama, akatazama karatasi,
akasema hanipeleki Chuo cha Mafunzo.
Ndivyo jela inavyoitwa kwetu, na sijamwona aliyehitimu.
Utafagia kituo cha afya, akasema, miezi sita,
mwezi kwa pishi (hesabu hiyo ni yangu, si yake),
na kila Jumanne utatia saini kwa Bwana Khatib.

Mama alimshukuru Mungu. Mimi nilishukuru nusu.
Jela ina ukuta, na ukuta hukusitiri.
Huku ukuta wangu ni macho:
wajawazito kwenye benchi, watoto wa skuli,
muuza urojo anayeihamisha simu yake
kutoka mfuko wa nyuma kuja wa mbele
huku ananiamkia vizuri kabisa.

Na kituo kinatazamana na nyumba ya Bi Mize.
Sijui kama hakimu alijua. Barabara tu kati yetu.
Yeye huchambua makonyo, mimi huokota pamba zenye damu.
Miezi mitatu hatukupeana hata kikohozi.

Jumanne ni daftari lenye jalada la kijani.
Umehama? Sijahama.
Umegombana na mtu? Sijagombana.
Umegusa mali ya mtu? Sijagusa.
Kuna mabadiliko? Hakuna. Tia saini.
Kalamu yake imefungwa uzi kwenye mguu wa meza.
Sikuuliza uzi ule ulifungwa lini.

Kisha Alhamisi moja ya vuli
wingu likaja upande wa Ngezi bila kupiga hodi.
Jamvi limejaa. Mlango wa Bi Mize una kufuli.
Niliita, nikaita tena; alikuwa mazikoni Makangale.
Karafuu ikilowa huvunda, ikivunda
Shirika hawaitaki hata bure.
Na masharti yangu nayajua kama Yasini.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
vile vile nilivyotazama usiku ule.

Palikuwa na mtoto mmoja tu, anamngoja mama yake.
Wewe, nikamwambia, nitazame mikono.
Usipepese.
Nikakunja jamvi pembe zake nne,
nikaliburura mpaka barazani,
nikarudi kuokota zilizodondoka, moja moja, topeni.
Halafu nikasimama mvuani, mbali na baraza,
viganja wazi kama mtu anayeomba dua kwa hasira.
Mtoto alikwisha kwenda zamani.

Bi Mize aliporudi hakuniuliza kitu.
Alitoa pishi yake, akakaa kitako, akapima.
Nilisimama nikihesabu naye, midomo imefumbwa.
Mwisho akasema, si kwangu, kwa pishi:
"Zimo."
Akaingia, akafunga mlango.
Akaufungua tena.
"Umeniachia tope barazani. Lifagie."

Jumanne. Umegusa mali ya mtu?
Ndiyo, nikasema.
Bwana Khatib akainua kichwa, nikamweleza yote.
Akapekua daftari mbele, akapekua nyuma.
Halina safu ya jambo hilo.
Akakuna shingo. Tia saini, akasema.

Nikatia. Kisha nikamuuliza juu ya foronya,
ile iliyobaki mahkamani, kielelezo namba moja,
maana mamangu analalia mto mtupu
na mvua hizi zinamtia mafua.
"Hiyo," akasema, akifunga daftari,
"iombe kwa barua."