Haivuti Kitu

Ya kwanza nilipimiwa kwa kilo.
Shekiondo wa vyuma chakavu, kule Gofu,
aliitupa kwenye mizani pamoja na bawaba mbili
na mguu wa cherehani, akasema elfu nne, usinisumbue.
Nikaisugua kwa limau na majivu usiku kucha.
Chini ya masizi, shaba. Chini ya shaba, ufukara wangu:
tangu siku ile sijui akiba.

Sasa ziko kumi na tisa.
Kabati lilikuwa la vyombo vya harusi ya mke wangu.
Vikombe vyake vimehamia chini ya kitanda
naye hajanisamehe, ila wageni wakija
yeye ndiye huwaonyesha: hii ina filimbi, hii kilema,
hii kainunua siku ya ada ya mtoto.
(Si kweli. Ilikuwa siku moja kabla.)

Ile ya gurudumu jekundu ilitoka kwa Bi Kusum, Barabara ya Nne.
Chini ya kibao mtoto alichonga jina kwa msumari:
Bharat, halafu mwanzo wa tarehe, halafu akachoka.
Bharat sasa ana mvi, yuko Leicester.
Bi Kusum hakutaka fedha,
alitaka niiwashe mbele yake, mara moja tu.
Filimbi ikalia kama kuku aliyekanyagwa.
Alicheka mpaka akavua miwani,
kisha akasema nenda, nenda nayo, haraka.

Kuna mambo huyajui bila kuunguza vidole.
Maji ya bomba ya hapa hayafai, yana chokaa,
yataikaa injini kooni kama mwiba wa changu. Kinga mvua.
Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya Julai.
Spiriti iko famasi ya Chumbageni,
ambako kijana Mbelwa hunitazama machoni kwanza
aone kama nimeanza kuinywa.
Na vali ya usalama usiiguse. Hilo nalijua kazini:
Bombo, chumba cha chini, nalinda mtungi wa mvuke
unaochemsha mikasi ya wapasuaji.
Miaka ishirini na miwili. Mvuke hauna urafiki.

Baba aliujua zaidi. Alikuwa mchochea moto
kwenye kijitreni cha shamba la mkonge, upande wa Muheza:
kuni, mlango, kuni, mlango,
mpaka nyusi zikaungua zisiote tena.
Sisi watoto tulikatazwa kuisogelea.
"Si mchezo," alisema, na kuhusu kazi
sikumsikia akisema zaidi ya hapo.
Alipokufa, shamba lilituma barua na mche wa sabuni.

Idi iliyopita mama alikuja kukaa siku tatu.
Nikaiteua ndogo kuliko zote, nikaiweka juu ya meza ya chakula,
tambi ikashika, tukangoja.
Kungoja ni nusu ya starehe: kwanza shaba inatoka jasho,
kisha mkoromo, kisha unaligusa gurudumu kwa kidole
kama unavyomsukuma mtoto mwenye haya aingie sebuleni,
na linakwenda.
Tiki-tiki-tiki-tiki, sahani zinatetemeka.
Mama akainama. Akachungulia nyuma yake, ubavuni mwake,
akanyanyua kitambaa cha meza.

"Inavuta nini?"
Haivuti kitu, mama.
"Inasaga?"
Haisagi.
"Sasa inamfanyia kazi nani?"
Hakuna.

Hakusema neno. Dakika saba, ndio uwezo wa kitumbo kile.
Moto ulipozimika, gurudumu likazunguka
mara tatu nyingine, za bure kabisa.
Akaweka kiganja juu ya shaba kabla sijamzuia.
Ilikuwa bado ya moto. Hakukiondoa.

"Iwashe tena," akasema.

Maji ya mvua yalibaki kikombe kimoja.
Nikayatia yote.