Fundi Viatu wa Furu

Sikusoma Luchelele. Masomo yangu yaliishia
darasa la saba, Misungwi, mwaka wa njaa.
Lakini Jumamosi nikifunga kibanda kabla ya saa tisa,
mteja akabaki kasimama na kandambili mkononi,
Mkolani nzima inajua: Furu wanacheza.

Ndiyo, Furu. Cheka tu.
Vyuo vingine vimejiita Radi, vimejiita Mamba,
chetu kikachukua jina la samaki mdogo
aliyeliwa na sangara hadi watu wakaisahau ladha yake.
"Mnashabikia kitoweo," alinitania shemeji Ng'wandu.
Nikamjibu: kitoweo chenye miiba.

Uwanja uko chini ya miamba. Jukwaa hakuna.
Tunakaa juu ya mawe yaliyoota jua tangu asubuhi,
suruali zinaiva, hakuna anayeinuka.
Upepo ukitoka ziwani
mgeni hurusha mpira ukaangukia kwenye mihogo ya watu;
vijana wetu hulenga pembeni kidogo,
upepo ukamalizia.
Na siku za usubi, wingu likipanda kutoka majini,
refa hupuliza filimbi huku anatema wadudu.

Mimi namjua kila mchezaji kwa soli yake.
Masalu hutua kwa kisigino, kama anagombana na sakafu.
Bujiku amelika upande wa kidole gumba, mguu wa kulia,
kwa hiyo najua atageukia kushoto
kabla beki hajaota.
Lushinge, yule mrefu wa Ukerewe,
hakanyagi; anabisha hodi.

Mwezi wa tano, fainali, Bukoba.
Meli ya usiku, daraja la tatu: mimi, ngoma moja,
na mama Nkwimba muuza karanga
asiyejua kanuni hata moja ya kikapu
ila hujua kumtukana refa kwa Kisukuma chenye adabu zote.
Nauli ilikuwa pesa ya bati.
Mke wangu alinitazama, hakusema kitu.
Ile ilikuwa hotuba.

Sekunde nne. Tuko nyuma pointi moja.
Lushinge akapokea, akaruka,
na kiatu cha kushoto ndicho nilichokishona Alhamisi
kwa mwanga wa simu, uzi umekaribia kwisha,
nami nikaruka mishono mitatu
nikijisemea, itashika.
Watu wote walitazama ringi.
Mimi nilitazama soli.

Ikashika.

Mpira ukazunguka ukingo, ukazunguka tena,
kama mgeni asiyetaka kuingia wala kuaga,
ukadondoka nje.
Niseme nisilolisema melini:
kabla sijaumia, nilishukuru.
Pumzi moja tu. Halafu aibu,
halafu nikalia na wenzangu,
machozi yangu yakiwa na deni.

Usiku, katikati ya mikungu ya ndizi,
Lushinge alikuja akakaa kando yangu, miguu mitupu,
viatu kavitundika shingoni kwa kamba zake.
"Fundi, kiatu kilikaa vizuri," akasema.
Nikamwambia alale.

Sasa Masalu anapima viwanja Kahama.
Bujiku ameoa, ameota kitambi.
Lushinge hutuma salamu za Idi na Krismasi, zote mbili,
ingawa anajua naswali wapi.
Wao husoma miaka mitatu, wakavaa joho, wakapanda basi.
Mimi sijahitimu.

Jana kaja kijana wa mwaka wa kwanza,
namba arobaini na saba, kiatu kimepasuka ubavu.
Hakuniambia kama anacheza.
Nikakigeuza, nikakisogeza kwenye mwanga.
"Unarukia mguu wa kulia mno," nikamwambia.
Akakodoa macho, akatazama nyuma yake
kama kuna mtu aliyemchongea.

Nikalowesha uzi kwa mate,
nikatia mshono wa kwanza,
wa pili, wa tatu,
bila kuruka.